Mboga Mbichi, Maji Safi na Tansio ya Baba Watoto: Tuliyojifunza Hapa Goma

Ninaandika kwa ajili ya mke, mtoto au dada ambaye wiki hii ametoka kituo cha afya na mgonjwa wake, karatasi mkononi, na juu ya chakula ameambiwa sentensi moja tu: "Mumpe mboga na matunda." Sisi tuliambiwa hivyo hivyo. Matunda gani, mabichi au ya kupikwa, yaoshwe kwa maji gani, yaliwe kwa kiasi gani na pamoja na dawa zipi, hayo tuliyatafuta wenyewe, kwa pesa ambazo hatukuwa nazo na kwa hofu ambayo sitaki mwingine aionje.

Baba watoto ni dereva wa lori. Ujana wake umeishia kwenye barabara ya Goma na Rutshuru na ile ya Sake hadi Minova, akila njiani: brosheti, ndizi za kukaanga, fufu na makayabu, na sigara kila gari linaposimama. Asubuhi kichwa kilimuuma kwa nyuma, karibu na shingo, naye akasema ni usingizi mchache. Siku aliyokubali kupimwa, tansio, yaani presha ya damu, ilikuwa 17 kwa 10, ambayo wengine wanaiandika 170 kwa 100, na sukari kabla ya kula gramu 1,38 kwa lita ya damu. Dokta alimwandikia amlodipini ya tansio na metformini ya sukari, akamwambia aache sigara, apunguze chumvi, ale mboga na matunda. Watu walikuwa wamejaa mlangoni wakisubiri zamu yao, maelezo yakaishia hapo.

Baba mkwe wangu alikufa na tansio. Alianguka shambani, upande mmoja wa mwili ukapooza, akakaa kitandani hadi mwisho wake. Usiku wa siku ile mume wangu alipopimwa, nyumbani kwetu kila mmoja alikuwa anamkumbuka mzee huyo, na hakuna aliyethubutu kulitaja jina lake.

Hofu ya namna hiyo inamfungulia mlango kila mwenye kuuza kitu. Haikupita muda, binamu yake mume wangu akaja na mama mmoja aliyevaa vizuri, mkoba umejaa makopo. Alitufundisha neno ambalo wengi wetu pale sebuleni hatukuwa tumelisikia: antioksidanti. Alisema zinasafisha damu, zinatoa sumu, tansio inashuka yenyewe, na kwamba ndani ya kidonge kimoja kuna kikapu kizima cha matunda. Kopo la mwezi mmoja lilikuwa dola 45. Kwetu hizo ni pesa za minervali, yaani ada ya shule, ya mtoto wetu mkubwa, na zilitoka humo humo. Halafu akaongeza jambo ambalo hadi leo linaniuma: kwamba dawa za hospitali zinachosha figo, na mtu akishaanza kopo anaweza kuzipumzisha. Mume wangu akazipumzisha.

Wiki chache baadaye alirudi kutoka Rutshuru macho mekundu, damu inamtoka puani. Tansio ilikuwa imepita 18. Kituoni tulimkuta muuguzi wa zamu, mama mtu mzima mwenye sauti ya chini, ambaye hakugomba. Aliomba tu kuona kila kitu mgonjwa anachomeza. Nikamtolea kopo. Akavaa miwani, akasoma lebo yote, kisha akaniuliza:

"Mama, baba anavuta?"

"Anavuta, muganga."

"Basi hii usimpe tena. Na zile alizoacha azirudie leo."

Alitueleza kwa utulivu. Ndani ya vile vidonge kulikuwa na beta-karotini nyingi, ile rangi ya machungwa iliyomo kwenye karoti na mawese. Kule Finland walichunguza wanaume zaidi ya 29,000, wote wavutaji wa sigara, baadhi wakapewa vidonge vya beta-karotini kwa miaka, kwa matumaini kwamba vitawakinga na saratani ya mapafu. Matokeo yalipotangazwa mwaka 1994 yalikuwa kinyume: waliomeza beta-karotini waliugua saratani hiyo kwa asilimia 18 zaidi ya wenzao. Marekani nako kulikuwa na uchunguzi wa aina hiyo, wa wavutaji na watu waliofanya kazi kwenye vumbi la asibesto. Waliusimamisha Januari 1996 kabla ya muda wake, kwa sababu waliokuwa wanapewa vidonge walikuwa wanaugua zaidi.

Nikamuuliza kama karoti nayo ni mbaya. Akatikisa kichwa. "Karoti mumpe. Karoti inakuja na vitu vingi pamoja, na kwa kiasi ambacho mwili unakijua. Kidonge kinaleta kitu kimoja kwa wingi ambao hakuna mtu anayeweza kuula kwa karoti." Jibu hilo lilinipa njia. Tuliacha kutafuta dawa ndani ya kopo tukarudi sokoni, na vidonge vya dokta vikabaki palepale mezani, kila asubuhi.

Hizo antioksidanti zenyewe alinieleza binti yetu, aliye kwenye seksio ya biolojia na kemia. Mwili unapotumia oksijeni unatengeneza vipande vidogo vilivyopungukiwa elektroni moja, na hivyo vinakwenda kuinyang'anya kwa jirani: kwenye ukuta wa seli, kwenye mafuta ya damu, hata kwenye vinasaba. Moshi wa sigara unaviongeza sana. Moshi wa makala, yaani makaa, pia, na hapo nilijifikiria mwenyewe na miaka yangu mbele ya mbabula, jiko letu la makala. Antioksidanti ni zile zinazotoa elektroni yao ili mnyang'anyi atulie. Vitamini C ni mojawapo, vitamini E nyingine, na karotini, na rangi nyingi za zambarau na nyekundu za matunda. Kunionyesha, alikata avoka vipande viwili, kimoja akakipaka ndimu. Kilichoachwa wazi kilianza kuwa cheusi kabla hatujamaliza kupika. Kile cha ndimu kilibaki kijani, kwa sababu asidi na vitamini C ya ndimu vilikuwa vinakikinga. Tangu siku hiyo watoto wadogo wanadai kila avoka ipakwe ndimu, na mimi siwakatazi.

Sasa sokoni. Kwetu ukienda kumwona mgonjwa unabeba mapomu, yaani matofaa, na zabibu za dukani, zilizosafiri kutoka mbali, na mgonjwa anaona amependwa. Mume wangu naye alidhani matunda ya kutibu ni hayo, akasikitika kwamba hatuna uwezo. Nilipoanza kusoma na kuulizauliza nilishangaa. Gramu 100 za mapera zina zaidi ya miligramu 200 za vitamini C, wakati mwanaume mzima anahitaji karibu 90 kwa siku. Chungwa lina kama 50. Pomu halifiki hata 10. Mapera ambayo watoto wanayaokota na kuyatupiana njiani yanalipita chungwa mara nne! Nanasi, papai, marakuja au pasheni, ndimu, na yale matunda mekundu yenye umbo la yai tunayoyaita prini, vyote vina sehemu yake, na vyote viko soko la Virunga na kwa wamama wa barabarani. Mashu, yaani kabichi, karoti na puaro vinashuka kutoka Kibumba, vingine juu ya chukudu, kile chombo cha mbao cha magurudumu mawili. Mananasi ya Idjwi yanafika kwa mtumbwi. Kwa pesa ya pomu moja ninarudi na mapera ya nyumba nzima.

Kiasi kinachoshauriwa na Shirika la Afya Duniani ni gramu 400 za matunda na mboga kwa mtu mzima kila siku, angalau, bila kuhesabu viazi, mihogo wala mateke. Ukigawa ni viganja vitano: cha matunda asubuhi, cha saladi mchana, mboga za kupikwa mchana na jioni, tunda jioni. Sisi tulipohesabu tulichokuwa tunakula zamani hatukufikia nusu yake, na sehemu kubwa ilikuwa sombe, majani ya muhogo.

Ninakuja kwenye jambo ambalo kwa mtu wa Goma ni kubwa kuliko vitamini zote: maji.

Mafundisho mengi juu ya kula mbichi yanatoka kwenye nchi ambako mtu anafungua bomba na kunywa. Sisi tunakaa juu ya mawe ya volkano, mji mkubwa usio na mto, na wengi wetu tunachota ziwani kwa bidoni. Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021, lava iliharibu hadi mabomba na tangi, sehemu kubwa ya mji ikakaa bila maji. Na kila mtu wa umri wangu anakumbuka au amesimuliwa Julai 1994, kolera, yaani kipindupindu, ilipoua maelfu kwa maelfu ya wakimbizi hapa hapa. Ugonjwa huo haujawahi kutuacha kabisa. Jani la saladi lililooshwa kwa maji ya ziwa linabeba kolera, tifoidi, amiba na mayai ya minyoo mpaka ndani ya tumbo la mtu ambaye ulitaka kumponya.

Hayo hatukuyasoma. Mume wangu, akiwa na nia njema ya kula matunda, alinunua nanasi lililomenywa tayari kwenye paking ya magari, lile linalomwagiwa maji ili lionekane jipya. Usiku alianza kuhara na kutapika bila kupumzika. Tulimpa maji ya sereumu ya kunywa, yale ya chumvi na sukari, hadi asubuhi tulipofika kituoni. Muuguzi wetu alimsimamishia metformini mpaka aweze kula na kunywa tena, maana mtu aliyekaukiwa maji mwilini anaweza kupata hatari kubwa akiendelea nayo. Kama mgonjwa wako anakunywa dawa hiyo, uliza mapema utafanya nini siku ya kuhara. Usingoje ikufike usiku.

Baada ya hapo tulijiwekea utaratibu, na ndio ninaoutamani kwa kila nyumba.

Maji ya kunywa na ya kuoshea vitu vya kuliwa vibichi ni yale yaliyotiwa klorini au yaliyochemshwa. Hapa ziwa liko mita 1,460 hivi juu ya bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 95 tu, lakini yakitokota vizuri kwa dakika moja vijidudu hivyo vinakufa, hakuna haja ya kumaliza makala. Mimi ninayachemsha jioni juu ya makala yanayobaki baada ya maharagi, ninayafunika, asubuhi yamepoa. Ya kutia klorini ninafuata maandishi ya chupa au kipimo cha wahudumu wa afya, kwa sababu dawa hizo hazina nguvu sawa, na ninangoja nusu saa kabla ya kuyatumia.

Ninaosha tunda kabla ya kulimenya, hata avoka, hata nanasi, hata papai, kwa kuwa kisu kinapita kwenye ganda kikaingiza uchafu ndani. Mashu ninatoa majani ya nje na kuyatupa, mengine ninayaachanisha moja moja. Karoti ninazisugua kwa brashi yake, ninamenya, ninasuuza. Majani laini yanakaa kwenye maji ya klorini kama chupa inavyoelekeza, kisha ninayasuuza kwa maji ya kunywa, si ya ziwa! Nimeona watu wanamaliza kazi yote halafu wanasuuza kwa maji ya bidoni ambayo hayajatiwa kitu. Chumvi na siki ambazo wengine wanaziamini haziui kolera kama klorini au moto unavyoiua. Sabuni ya nguo haitakiwi kwenye chakula. Kisu na ubao wa saladi ni vyake, wa nyama ni wake. Na ninakata dakika za mwisho tu, watu wakiwa wanakaa mezani, kwa sababu vitamini C inapotea kwa hewa na mwanga, na kwa sababu saladi iliyokaa kwenye joto inazalisha vijidudu upya.

Siku ambazo maji hayapo, na Goma siku hizo ni nyingi, tunakula matunda yenye ganda tu: ndizi kamaramasenge, marakuja, chungwa, avoka. Mboga zote zinapita motoni. Sioni aibu kusema kwamba wiki nyingine hatukula saladi hata mara moja. Mtu wa barabarani kama baba watoto anabeba ndizi na machungwa kutoka nyumbani, na kilichokatwa na mtu mwingine hakili tena.

Kuna jambo la pili ambalo lingeweza kutuumiza vibaya zaidi. Kwenye kikundi cha sala alipita ndugu mmoja aliyefundisha kwamba moto unaua kila chakula, kwamba Mungu alimpa Adamu vibichi, na kwamba hata majani ya muhogo yasagwe na kunywewa kama juisi ili damu iongezeke. Jirani yangu alikuwa ameshachuma. Nilikimbia kumwita binti yangu, na yeye akamweleza mama yule kwa heshima zote.

Sombe mbichi ina kitu kinachogeuka sianidi tumboni. Bibi zetu hawakuwa na maabara, lakini walituachia kazi ya kuponda na kuchemsha muda mrefu, na kazi hiyo ndiyo inayoitoa sumu: kuponda kunaifungua, moto unaipeperusha, ndiyo maana sufuria ya sombe ianze bila kufunikwa. Maharagi nayo mabichi au yaliyoiva nusu yanatapisha vikali. Yaloweke, umwage maji hayo, uyachemshe kwa nguvu. Lengalenga, yaani mchicha, ninaipika pia, kwa maji kidogo na muda mfupi.

Tena moto una faida yake. Nyanya ikipikwa na mafuta kidogo, ile rangi nyekundu yake, likopini, inaingia mwilini vizuri kuliko ya nyanya mbichi. Karoti iliyoiva inatoa karotini zaidi. Na karotini yoyote, mbichi au ya kupikwa, inahitaji mafuta ili ipite, kwa hiyo saladi ya karoti bila mafuta ni hasara. Weka avoka ndani yake na utapata mara nyingi zaidi kutoka karoti zile zile. Kinachoogopa moto hasa ni vitamini C, ambayo pia inayeyuka kwenye maji na kutoka nayo unapoyamwaga. Basi nyumbani kwetu mashu yanagawanywa: nusu inakatwa nyembamba, ndimu na avoka juu, nusu inapikwa. Mapera, papai na nanasi ni vibichi daima. Sombe, maharagi, lengalenga, motoni daima.

Mawese yenyewe yamejaa karotini na vitamini E, hiyo rangi nyekundu ndiyo ushahidi. Wamama wengi tunayachoma hadi yawe meupe na moshi ujae jikoni, na hapo tumeiharibu karotini yote, tumebaki na mafuta matupu. Ninayatia mwishoni sasa, kijiko kimoja kwa sufuria, sizidishi, maana karibu nusu yake ni mafuta yale mazito yasiyofaa kwa mishipa ya mwenye tansio.

Juisi ilitugharimu pia. Shemeji yangu alituletea mashine ya kusagia kutoka Gisenyi, kwa upendo kabisa, na siku za umeme tulikunywa marakuja na nanasi glasi kwa glasi. Sukari ikapanda badala ya kushuka. Muuguzi alielezea kwamba tunda likisagwa na kuchujwa, nyuzi zake zinabaki kwenye kichujio na sukari ya matunda matatu manne inaingia mara moja. Mtu akitafuna tunda moja, inaingia polepole na tumbo linajaa. Tena marakuja ni chachu na kila mtu anaongeza vijiko vya sukari. Mashine tuliiweka kabatini. Mwenye sukari ale tunda zima, saizi ya ngumi yake, ndizi isiwe imeiva kupita kiasi, na apime mwenyewe kabla na baada ili ajue mwili wake unasemaje.

Sijaeleza bado lililokuwa gumu kuliko pesa. Kwetu matunda ni ya watoto. Mwanaume aliyetoka safari anawekewa fufu, nyama au samaki, na akipewa sahani ya mashu mabichi anahisi nyumba imemshusha. Kaka zake walimwambia wazi kwamba mke wake anamlisha majani ya mbuzi. Aliumia, na mimi niliumia kwa kuwa sikujua nimteteeje. Kilichosaidia ni kuacha kumtengea sahani yake ya ugonjwa. Tulianza kula hivyo wote, watoto, mimi, na wageni, saladi katikati ya meza kwenye sinia moja, fufu imepungua kidogo kwa kila mtu, chumvi na vile vijitofali vya supu vimepungua kwa kila mtu, ndimu na kitunguu saumu vimechukua nafasi yao. Wasichana wamenufaika kwa njia nyingine: vitamini C ya mapera au ndimu inausaidia mwili kuchukua chuma kilichomo kwenye maharagi na lengalenga, na chai ikinywewa pamoja na chakula inakizuia. Sasa chai inangoja saa moja.

Halafu ikaja Januari 2025. Vita vikaingia mjini, benki zikafunga, barabara zikakatika, lori likakaa. Kilichonisikitisha kwanza kilikuwa watoto, halafu dawa zake. Tuliomba kwa ndugu, tukanunua vidonge kwa mikupuo midogo, hatukuruka siku. Mboga tulipata uani: alikuwa amejaza udongo kwenye magunia, akapanda lengalenga, vitunguu na mashu machache kwa sababu mawe yetu hayalimiki. Huyo mwanaume aliyekataa majani alikuwa anaamka mapema kuyamwagilia kwa maji tuliyooshea vyombo, bila sabuni, kabla mtu yeyote hajatoka nje. Nilimwona dirishani na nililia.

Leo tansio yake inacheza kwenye 13 kwa 8, sukari kabla ya kula iko chini ya 1,20. Nilipomwambia muuguzi kwamba saladi imemponya, alinisahihisha. Kuna vidonge, kuna chumvi iliyopungua, kuna kilo zilizotoka, sigara zimebaki chache. Sehemu ya mboga na matunda ipo na inajulikana: katika uchunguzi wa Marekani uliotolewa mwaka 1997, watu wenye tansio ya juu waliolishwa matunda na mboga kwa wingi walishuka kama milimita 7 kwenye namba ya juu, na walipoongezewa maziwa yasiyo na mafuta mengi na kupunguziwa mafuta, 11. Kwa hesabu yetu ya 17 kwa 10, hiyo ni kama pointi moja. Ni nyingi, lakini haitoshi kuacha dawa. Wala haikufanywa na antioksidanti peke yake, kwa kuwa potasiamu na nyuzi za mboga vina mkono mkubwa hapo.

Hiyo potasiamu ndiyo inayonifanya niseme neno la mwisho kwa wenye wagonjwa tofauti na wangu. Kama figo zimeharibika, ndizi, avoka, machungwa na nyanya kwa wingi vinaweza kupandisha potasiamu hadi moyo usimame. Kuna dawa za tansio pia zinazoizuia isitoke mwilini. Omba kipimo cha kreatinini, kile cha damu kinachoonyesha hali ya figo, kabla ya kubadilisha sahani. Sisi tulikifanya tumechelewa, na kwa bahati kilikuwa kizuri. Anayemeza warfarini kwa ajili ya damu kuganda asipandishe ghafla sombe, lengalenga na mashu, kwa sababu vitamini K iliyomo inapunguza nguvu ya dawa hiyo. Ale kiasi kile kile kila wiki, na dokta ajue. Pamplemusi, yaani balungi, inagombana na baadhi ya dawa za tansio, nifedipini mojawapo, na baadhi za mafuta ya damu. Ukienda kituoni, weka kila kitu mgonjwa wako anachomeza kwenye mfuko mmoja, vya hospitali, vya kopo, na vya mizizi, umwagie muganga vyote juu ya meza.